Adresi Moja, Mitaa Miwili

Jumapili, 14 Septemba 2025

Daftari hili lilikuwa la jiografia, la kaka yangu Aboubacar. Alipokwenda Kampala aliacha karatasi nyingi nyeupe, na mimi sipendi karatasi zikae bure. Nitaandika humu yale ambayo mdomo wangu unakataa kuyatoa. Litajaa haraka.

Mimi ni Asumini, nina miaka kumi na sita, nasoma mwaka wa tatu wa humanités, yaani sekondari, hapa mtaa wa Murara, Goma. Kifaransa naandika bila kosa, lakini mwalimu akisema "Asumini, lève-toi," yaani simama, sauti inakwenda sijui wapi. Madrasa ilikuwa vile vile. Mwalimu Abdoul alichoka kunisubiri, siku moja akaniambia: "Geukia ukuta, soma." Nikageukia ukuta, nikasoma sura nzima bila kukwama. Tangu siku ile wenzangu walisoma wakimtazama yeye, mimi nilisoma nikitazama rangi ya kijani iliyobanduka.

Mama na wanawake wenzake sita wanauza nguo za mitumba. Balo, yale marobota ya nguo, wanazitoa Bunagana, mpakani na Uganda, kwa Muzee Twagirayezu. Benki zimefungwa tangu vita ya mwezi wa kwanza, na barabara ya Rutshuru si ya kupita na dolare ndani ya kitambaa. Kwa hiyo wanamlipa kwa USDT. Ni dolare isiyo na karatasi: inakaa ndani ya simu, na moja leo ni dolare moja, kesho pia. Wanapeleka dolare za karatasi kwa Jephté, kijana wa kubadilisha pesa, kwenye kibanda chake, yeye anatuma kutoka simu yake. Lakini Jephté ana sheria moja: hafinyi kitufe yeye. "Mwenye mali njo anasoma adresi, njo anafinya. Kesho musiniite mwizi."

Wanawake wote saba wanasema macho yao hayawezi zile herufi ndogo. Kwa hiyo kidole ni changu.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua. Maji yamepita jikoni, yameacha mchanga mweusi kwenye masufuria.

Jumamosi, 4 Oktoba

Wanawake wamekutana kwetu. Kila mmoja ameleta sehemu yake. Jumla deux mille quatre cents, dolare elfu mbili na mia nne. Balo sita, sweta na nguo za watoto, ziuzwe kabla ya Noeli. Mama Bénédicte, ambaye jina lake ni Mukamurenzi na ambaye binti yake Bénédicte anaketi nami darasani, alisimama na chai mkononi.

"Mara hii Muzee atupe ya batoto, asitupe tena makoti ya batu banene. Hapa Goma nani ataijaza koti ile? Hata pasta wetu alikonda."

Walicheka mpaka mama akamwaga sukari.

Jambo moja jipya. Muzee amebadilisha simu, na mtoto wake amemwekea aplikasyo nyingine. Ile adresi yake ya zamani ilianza na T, ya Tron. Tron ni rezo, yaani njia ambayo ile dolare inapita, na hapa Goma karibu kila mtu anapita humo. Adresi mpya inaanza na 0x, na chini yake ameandika: Ethereum.

Nimesoma usiku kwenye simu ya mama. Adresi ya T ukiipeleka kwenye rezo nyingine inakataa. Hizi za 0x hazikatai. Herufi zile zile zinakubaliwa kwenye rezo nyingi, kama nyumba yenye namba 14 Murara na nyingine yenye namba 14 Katindo. Mjumbe asipouliza mtaa, anaacha mzigo kwenye mlango mwingine na kurudi akisema amefika.

Nimeandika hayo ili nisisahau. (Nimeongeza baadaye: kumbe kusahau siko kulikokuwa shida.)

Jumatatu, 6 Oktoba

Nitaandika yote.

Tulikwenda kwa Jephté baada ya shule: mama, Mama Bénédicte, mjomba Useni na mimi. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama, anaendesha lori, Fuso ya maharagi, kutoka mji wa Kiwanja. Tangu baba afariki yeye ndiye anatusimamia. Viatu vyake vikionekana mlangoni, nyumba nzima inashusha sauti.

Jephté alihesabu karatasi mara mbili, akanipa simu. Nilibandika adresi. Nikasoma herufi nne za mbele na nne za nyuma. Halafu simu ikauliza rezo. Mbili zilikuwa wazi: Ethereum, ada dolare nne; na BNB, ada karibu bure.

Mjomba alikuwa anachungulia juu ya bega langu. "Dolare ine za nini? Hii hapa ni bure."

"Mujomba," nikasema, "Muzee aliandika..."

"Muzee aliandika adresi. Adresi njo hii. Iko tofauti?"

"Apana, iko sawa, lakini rezo..."

"Mutoto." Hakupandisha sauti. Hahitaji. "Mimi niko naendesha miaka makumi mbili. Njia yenye barrière ya bure na njia ya kulipa, ukifika Kiwanja umefika Kiwanja. Finya."

Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mvua. Nyuma yetu wateja wawili walikuwa wanasubiri, mmoja akasema, "Haya basi, na sisi tuko na nyumba za kurudi." Jephté alikuwa anafunga dolare kwa elastiki, hakuinua macho. Ningeweza kusema sentensi moja zaidi. Nilikuwa nayo tayari, nimeipanga kichwani kwa Kiswahili na kwa Kifaransa.

Nikafinya.

Jumanne, 7 Oktoba

Muzee anasema hajaona kitu.

Jumatano, 8 Oktoba

Muzee hajaona kitu. Mvua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hajaona.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kikao kwetu. Hakuna aliyegusa chai. Jephté aliitwa, akaonyesha kwenye simu yake: imetoka, imefika, imethibitishwa. Mjomba alimpigia Muzee mbele ya wote, sauti ikiwa wazi.

"Bwana Useni," Muzee akasema, "mimi si mutoto. Niko nafungua simu kila asubui, iko zero. Balo zenu nitaziweka mpaka tarehe makumi tatu ya mwezi wa kumi na moja. Kisha iko batu bengine banazitaka."

Alikata. Mama Bénédicte akauliza polepole, bila mzaha: "Sasa nani alifinya?"

Wote walijua nani alifinya. Mjomba akatazama kofia yake. "Mutoto alikosea kidogo pale. Ni mutoto. Tutatengeneza."

Nilitaka ukuta. Ukuta uliokuwa karibu ulikuwa na migongo ya wanawake watatu. Nikatazama mkeka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Bénédicte amehamia benchi la mbele. Anasema ni kwa ajili ya macho.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama hakuuza kitu leo. Sokoni wanamwita "Mama Ethereum." Alinisimulia akicheka, halafu akasonga ugali muda mrefu kuliko ugali unavyotaka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimekwenda kwa Jephté peke yangu. Nilipita mbele ya kibanda mara tatu kabla ya kuingia.

"Niliona umepita," akasema. "Nikasema, huyu anafanya patrouille kama askari."

Nilikuwa nimeandika maswali kwenye kikaratasi, nikampa. Alisoma, akaacha kucheka, akanivutia kiti. Alifungua ukurasa ambao mtu yeyote duniani anaweza kuufungua, akabandika adresi ya Muzee, akachagua rezo ya BNB. Na ilikuwa pale. Deux mille quatre cents, tangu tarehe sita, haijaguswa na mtu. Aplikasyo ya Muzee inatazama mtaa wa Ethereum tu, ndiyo maana inamwambia zero.

"Inaweza kutoka?"

"Inategemea. Siku alifungua ile aplikasyo, kama ilimupatia maneno kumi na mbili ya kuandika, basi funguo ni zake, na funguo ile ile inafungua mitaa yote. Akiwasha rezo ile tu, ataiona. Kama hakupewa maneno, adresi si yake, ni ya kampuni fulani, na kampuni itajibu siku inataka. Ao haitajibu."

"Na akiiona, anaweza kuituma?"

"Bila essence, yaani mafuta? Kila rezo na essence yake. Anaitaji kidogo ya BNB. Dolare moja inatosha. Hiyo nitaiweka mimi." Alikuna shingo. "Mimi pia nilikuwa nafunga elastiki siku ile. Nilisikia unasema rezo."

Alisikia. Nilirudi nyumbani na neno hilo kichwani. Nilikuwa nimejiambia kwamba sauti yangu haikutoka kabisa. Kumbe ilitoka, ila niliiacha nusu ya njia.

Jumamosi, 1 Novemba

Tulikuwa tunatwanga sombe, majani ya muhogo, mama na mimi. Kinu kina kelele nzuri, mtu anaweza kuongea humo. Nilimweleza yote: mitaa miwili, ukurasa, maneno kumi na mbili, essence. Kisha nikamwambia kwamba niliona kosa kabla ya kufinya.

Hakusimamisha mchi. "Nilijua," akasema. "Uliniangalia."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ni mukubwa wangu. Alitulea." Alitwanga mara tatu, nne. "Na mimi pia niliona dolare ine ni nyingi. Sasa we nenda umwambie."

"Mimi?"

"Mimi nitasema nini? Rezo, essence... Nitasema kama kasuku. We njo unajua."

Muda wote nilifikiri mama ananionea aibu. Kumbe alikuwa anajionea yeye mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba

Nilikwenda mpaka mlangoni kwa mjomba. Nikarudi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilikwenda, hakuwepo. Nilifurahi, na furaha ile ilinichukiza.

Jumamosi, 8 Novemba

Nilimkuta chini ya Fuso. Miguu tu ilikuwa nje. Nikaona ndiyo nafasi yangu: mtu aliye chini ya gari hana macho ya kukutazama.

Niliongea na magurudumu. Nilimweleza kwa maneno ya gari, kwamba mzigo uko Kiwanja lakini mwenye mzigo anausubiri Bunagana, kwamba gari halina essence ya kutoka pale. Spana ilinyamaza. Nilipomaliza, mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye bati.

"Umemwandikia Muzee?"

"Mara tano. Hajibu. Anafikiri ni wizi."

"Jumamosi inakuja niko nashuka kuchukua maharagi, tutapita Bunagana. Jitayarishe saa kumi na moja ya asubui. Vaa sweta."

Hakutoka chini ya gari mpaka nilipoondoka.

Jumamosi, 15 Novemba, Bunagana. Naandika kwenye kiti cha Fuso.

Tuliondoka giza bado. Jephté aliweka ile dolare moja ya BNB jana jioni, nikaiona kwenye ukurasa, imekaa kando ya ile kubwa. Mvua ilitushika Rumangabo na haikutuacha. Mjomba hakusema kitu mpaka Rutshuru, isipokuwa "funga kioo" na "kula ndizi." Nilikuwa narudia hatua kichwani: fungua, mipangilio, rezo, washa. Kama sura.

Depo ya Muzee Twagirayezu iko karibu na douane, ofisi ya forodha, bati tupu juu, balo hadi darini. Sita kati yake zilikuwa na karatasi yenye jina la mama. Muzee ni mfupi, ana koti kubwa la kijivu, labda moja ya yale ya watu wanene. Alitupa viti, akatupa chai, akaweka simu yake ndani ya mfuko wa ndani na kufunga kifungo.

Mjomba akaanza: "Muzee, mutoto huyu amekuja kukuonyesha franga yako. Muachie simu kidogo..."

"Apana." Muzee aliweka mkono kifuani. "Mutoto wangu aliniambia siku ya kwanza: baba, mutu akikuja akisema lete simu nikuonyeshe franga yako, huyo njo mwizi. Jirani yangu Habarurema walimumaliza franga yote hivyo hivyo. Mwizi wake alikuwa kijana mzuri, na adabu, na kravate shingoni."

Mjomba alifungua mdomo, akaufunga. Alinitazama. Ilibidi niseme.

"Muzee," nikasema, "siku ulifungua ile aplikasyo, ilikupatia maneno kumi na mbili ya kuandika?"

Alicheka kicheko kikavu. "Umefika sasa. Njo hayo mulifuata tangu Goma. Maneno."

Masikio yalinichoma. Alikuwa na haki kabisa. Kila nilichokuja kuomba ndicho mwizi angeomba, na kwa adabu ile ile. Niliona hatua zote zikianguka, fungua, mipangilio, rezo, na sauti ikaanza kuondoka kama kawaida yake. Macho yake yalikuwa usoni pangu, na ya mjomba, na ya mpakizi aliyekaa juu ya balo.

Nikasimama. Nikageuza kiti. Nikaketi nikiwapa mgongo, uso kwenye ukuta wa mbao, mikono miwili nikaiweka juu ya kichwa ambapo kila mtu anaiona.

"Siyaombi, Muzee. Usiniambie hata moja, na usimwambie mutu. Nauliza tu kama uko nayo."

Muzee alijibu mgongoni pangu. "Niko nayo. Iko mahali."

Nilivuta pumzi. Funguo ni zake.

"Basi shika simu we mwenyewe. Mimi sitageuka. Nitasema, we utafinya. Ukiona neno ambalo sikulitaja, simama. Nikikuambia uandike yale maneno kumi na mbili mahali popote, nifukuze."

Mpakizi akasema, "Huyu anaongea na mbao," na mjomba akamwambia anyamaze.

Nilianza. Fungua. Upande wa juu, kulia, kuna alama kama gurudumu, finya. Shuka mpaka neno rezo. Unaona orodha? Mbao zilikuwa na misumari mitano mstari mmoja, nilisoma hatua nikitazama misumari. Sauti ilitoka. Ilitoka hata juu ya mvua. Kulikuwa na neno ambalo hakulipata, nikamngoja. Akapotea, nikamrudisha mwanzo. Akasema vidole vyake ni vikubwa, nikamwambia tuna muda mpaka tarehe makumi tatu. Nilisikia mtu akicheka kidogo. Nadhani ni yeye.

"Sasa utaona BNB. Kando yake kuna kitu cha kuwasha. Washa. Kisha rudi pale pa kwanza."

Nikamaliza.

Mvua juu ya bati, pumzi ya Muzee, na mikono yangu iliyokuwa inaingia ganzi. Nikajua kwamba ameiona. Nikajua pia kwamba hakuna aliyeiona isipokuwa yeye. Angeweza kuzima simu na kusema bado ni zero, na balo zikabaki zake pia.

"Unafikiri inaandika ngapi?" akauliza mwishowe.

"Deux mille quatre cents. Na BNB kidogo, ya dolare moja, iliingia jana jioni. Hiyo ni essence ya kuitolea."

"Nikinyamaza, utajua?"

"Iko hadharani, Muzee. Kila mutu anaweza kuiona pale ilipo. Mimi niliiona tangu mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi." Kiti chake kililia. "Na juu ya nini hukunipigia tangu mwezi wa kumi? Uliandika tu, uliandika. Mwizi anaandika. Mwenye haki anapiga simu."

Nilitazama misumari. "Nilikuwa naona haya, Muzee."

Mjomba alikohoa. Akasema anakwenda kuangalia magurudumu, akatoka kwenye mvua bila kofia.

"Geuka, mutoto," Muzee akasema. "Shusha mikono. Kunywa chai, imepoa." Alikuwa ametoa miwani na anaifuta kwa koti. Kisha akamwita mpakizi, akamwonyesha karatasi zenye jina la mama.

Jumapili, 16 Novemba

Tulilala Kiwanja. Balo sita juu ya maharagi. Mjomba alininunulia sambusa mbili na hakusema ni za nini.

Jumamosi, 22 Novemba

Balo zimefunguliwa kwetu. Sweta za watoto, nyingi. Katikati ya balo ya nne kulikuwa na koti la mtu mnene. Mama Bénédicte alilivaa, akatembea nalo uwanjani kama gavana. Hakuna aliyezungumzia Oktoba. Walimshukuru mjomba kwa safari. Mjomba alisema "njo kazi," akatazama kofia.

Nilisubiri. Hakusema zaidi. Nimeandika hapa kwamba ilinichoma, ili nisijidanganye baadaye.

Jumatatu, 1 Desemba

Bénédicte amerudi benchi letu. Anasema mbele kuna baridi.

Jumamosi, 6 Desemba

Sweta zimekwisha. Wanawake wanataka balo nne tena kabla ya sikukuu, kwa hiyo tumekwenda kwa Jephté, wote saba, kibanda hakikutosha. Nje mvua nyembamba. Mjomba alikuja na sweta yake ya safari.

Jephté alininyooshea simu. Mama Bénédicte akasema, nusu mzaha, nusu kweli: "Leo tuachie Jephté afinye. Huyu mutoto ana kidole cha kupotea."

Walicheka. Mimi nilitaka kucheka nao ili ipite.

"Mutoto hakupotea," mjomba akasema.

Alikuwa mlangoni, anatazama mvua na si sisi. Nilielewa mara moja kwa nini anatazama nje. Nilidhani mimi peke yangu ndiye nahitaji ukuta.

"Siku ile alianza kusema. Mimi njo nilimukata, hapa, mbele ya huyu Jephté. Mara mbili. Juu ya dolare ine." Akavuta pua. "Leo atafinya yeye. Na hatafinya kabla hajatusomea yote."

Mama alishika mkono wangu, akauachia.

Nilitafuta ukuta kwa macho. Ulikuwa pale, nyuma ya Jephté, wa plastiki ya bluu. Nikauacha. Niliwageukia wao, nikainua simu, nikaanza kusoma: herufi nne za mbele, herufi nne za nyuma, kiasi, rezo. Nikasema rezo ni Ethereum kwa sababu huko ndiko Muzee anatazama, na ada ni dolare nne.

"Ine tena," Mama Bénédicte akanong'ona.

"Ine," nikasema.

Mteja mmoja nyuma yetu akasema na wao wana nyumba za kurudi. Jephté akauliza kama tuko tayari, nifinye.

Nikamwambia asubiri, sijamaliza kusoma, bado herufi za katikati.